Ree Mbili Mbele ya Mkwe

Mjomba Hashimu alipofika nyumbani kwa Shamimu, Magomeni, Jumatano ile hakukalia kiti alichotolewa, na maji aliyopewa aliyaweka chini bila kuonja. Shamimu akajua kuna jambo. Mjomba wake ni mtu wa maneno mengi, akija husikika tangu nyumba ya tatu akisalimia watu. Siku hiyo alisimama mlangoni, kanzu imejaa vumbi la njia ya Mahurunga, kulikokuwa na shamba, akimtazama Kassimu, mume wa Shamimu, aliyekuwa chini anashona ndala kwa uzi wa nailoni.

"Natoka shambani," alisema. "Nimemkuta mtu anafyeka chini ya mikorosho ya dada yangu. Namuuliza wewe nani, ananiambia katumwa na Ismaili. Nimekuja mniambie, Ismaili ni nani kwenye ukoo wetu."

Kassimu aliacha sindano ndani ya ndala. Shamimu akatazama mikono yake, iliyokuwa myeusi kwa mafuta ya maganda ya korosho, maana kazi yake ni kubangua. Ismaili alikuwa mfanyabiashara wa mjini, na mikorosho ile ishirini na miwili walikuwa wamemwekea rehani wao wenyewe, mume na mke, mwaka uliopita, kwa laki tisa. Zilikuwa za hospitali, siku Shamimu alipopasuliwa ili ajifungue. Mama alipona, mtoto hakupona. Mjomba hawakumwambia, mwanzo kwa sababu ya haraka, baadaye kwa sababu ya aibu, na aibu ukiilea ndani ya nyumba inazaa uongo.

Sasa, kwa asiyejua mambo ya huku kwetu, mikorosho ya mama si ya mume. Mume atapalilia, atapuliza dawa, atakula korosho zake na watoto wake, lakini kauli juu ya mti ni ya ukoo wa mama, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Mama yake Shamimu alishatangulia mbele ya haki. Kwa hiyo miti ilikuwa mikononi mwa Hashimu, na watu wawili walikuwa wameitoa bila yeye kujua.

Kassimu alijaribu kusema kwamba hawakuuza, waliweka tu. Mjomba akamuuliza, mtu akiuweka mguu wako rehani, utatembelea nini? 

Alichokuja kusema mjomba kilikuwa kifupi. Alikuwa ameshapita kwa Ismaili, akamwomba, akavua kofia mbele ya kijana mdogo kwa umri kuliko watoto wake. Ismaili akakubali kupokea laki tisa zake mpaka Jumatatu asubuhi, kabla mashine ya kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, haijawashwa. Dawa ikishapanda mtini, basi, aliyepuliza ndiye mvunaji, na rehani itakwenda mpaka mwisho wake, misimu mingine miwili.

"Jumatatu nitakuja," mjomba akasema. "Miti isiporudi, namchukua Shamimu na Latifa nawarudisha kwetu. Siwezi kumwacha mtoto wa dada yangu kwa mtu anayemla mpaka mizizi."

Latifa, mtoto wa miaka sita, aliposikia jina lake akatoka ndani kuja kumwamkia babu. Hashimu alimshika kichwa, akamwitikia vizuri kabisa, kisha akaondoka.

* * *

Kwenye kopo la maziwa ya unga walikuwa na laki nne na nusu. Hizo zilikuwa za kubangua, pamoja na bei ya baiskeli ya Kassimu. Zilibaki laki nne na nusu nyingine, na siku nne.

Alhamisi Kassimu alikwenda bandarini kuomba kazi ya kupakia. Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha tangu mwanzo wa mwaka, meli iliyokuwepo ilikuwa ya saruji, na majina yalishaandikwa. Msimamizi alimwambia arudi Oktoba, akamwambia kwa upole, akampa na sigara, na Kassimu havuti. Ijumaa, baada ya swala, alimfuata rafiki yake mmoja mwenye duka la vipuri vya bodaboda. Rafiki alimwona akija, akaweka simu sikioni, akaanza kuongea. Kassimu alisimama pale mpaka simu ile ikalia ikiwa sikioni mwa mwenyewe. Akaondoka bila kusema shida yake.

Shamimu naye alikwenda kwa Martha, mama mwenye korosho anazobangua, kuomba alipwe kazi ya miezi miwili ambayo hajaifanya. Martha si mtu mbaya. Alifungua pochi mbele ya wabanguaji wenzake, akatoa elfu kumi, akamwambia asijisumbue kuzirudisha, achukulie ni sadaka. Wenzake wakainamisha vichwa kwenye maganda. Shamimu alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na njia nzima ya kurudi alikuwa akilia bila kujifuta, kwa sababu mafuta ya korosho yakiingia machoni yanaunguza.

"Ningekufa mimi akabaki mtoto, miti ingekuwepo," alimwambia mumewe usiku ule.

Kassimu akamwambia asiseme hivyo.

* * *

Jumapili, mtaa wa Shangani, kwenye ukumbi wa bwana mmoja aitwaye Lukasi, kulikuwa na mashindano ya karata za poka. Kiingilio elfu hamsini. Kila mtu anapewa sarafu za plastiki sawasawa na mwenzake, na anayeishiwa anatoka. Waliojiandikisha walikuwa hamsini, na wanaolipwa ni watano wa mwisho. Wa kwanza milioni moja, wa pili laki tano na nusu, wa tatu laki tatu, wa nne mbili, wa tano moja na nusu. Wa sita anakwenda zake nyumbani.

Kassimu alizitoa elfu hamsini kwenye kopo alfajiri, Shamimu akiwa anachota maji. Akamwambia anakwenda bandarini, kuna meli imeingia. Tusimpambe: alimwibia mkewe, na alijua kuwa anaiba, na alijua pia kuwa kamari ni haramu. Ila alishapiga hesabu. Akishika nafasi ya pili tu, laki tano na nusu pamoja na laki nne zitakazobaki, miti inarudi na chenji juu.

Na kucheza alikuwa anajua. Miaka ile ya kuchimba gesi alikuwa muosha vyombo kwenye kambi ya wachimbaji wa kigeni, na jioni wageni wale walikuwa wakiwafundisha wafanyakazi karata ili wapate wa kucheza nao. Mpishi mmoja wa Kifilipino alimwambia neno ambalo hakulisahau. Ukiwa na rundo kubwa, na watu wamekaribia kulipwa, usitazame sana karata zako, tazama nani anaogopa. Mwenye sarafu za wastani ndiye mwoga kuliko wote, kwa sababu ameshaanza kuitumia ile hela kichwani. Huyo mpandishie dau kila mara. Atakuachia.

Siku hiyo karata zilimpenda. Mpaka saa nane mchana watu thelathini walikuwa wameshatoka, na Kassimu alikuwa na rundo ambalo watu walikuwa wanakuja kulitazama. Mwanamke aliyekaa kushoto kwake, Yustina, muuza mitumba wa sokoni mwenye mdomo mwepesi, alimwuliza kama nyumbani amekunywa uji wa mganga. Kassimu akacheka. Ilikuwa mara yake ya kwanza kucheka tangu Jumatano.

Saa tisa waliobaki kumi wakakusanywa meza moja. Kutoka kona ya mwisho ya ukumbi akaja mzee mwenye fulana na kapelo iliyoshushwa usoni, kabeba sarafu zake chache kwenye kiganja, akaketi kulia kwa Kassimu. Alikuwa mjomba Hashimu.

Hashimu, mjumbe wa kamati ya msikiti, msomaji wa hitima za watu. Lakini na yeye alikuwa kule kambini, mkuu wa kufulia, na huko ndiko alikomwona kijana muosha vyombo mwenye adabu, akamwoza mtoto wa dada yake. Poka walijifunza pamoja.

"Shikamoo, mjomba," Kassimu akasema. Mdomo ulisema wenyewe.

"Marahaba."

Yustina akauliza kama wanajuana. Hashimu, bila kuinua uso, akajibu kwamba kijana huyu anamfahamu kwa sura tu. Kassimu hakuweza kumkanusha mkwe wake mbele za watu, akaanza kupanga sarafu zake.

* * *

Walipopumzika kwa swala ya alasiri walikutana bombani, nyuma ya ukumbi. Mjomba alikuwa anatawadha. Kassimu akasimama mbali kidogo, kama inavyopasa.

"Usidhani nimefuata starehe," mjomba alisema akiosha mguu. "Nimekuja kwa ajili ya ile miti. Nimezunguka kwa ndugu wote, nimepata vijembe tu."

"Na mimi ni hiyohiyo, mjomba."

"Najua. Sasa sikiliza. Karata hazina mkwe. Kaa pale ucheze."

Kassimu akasema sawa. Na huenda alikusudia kweli. Lakini kuna mambo mtu anayakubali kwa ulimi huku mwili ukikataa. Mtu aliyeoa kwetu anapishana na mkwe wake kwa kupinda kiuno, hakai naye mkeka mmoja, hali naye sahani moja, na akimkuta njiani amebeba mzigo anaupokea hata kama yeye mwenyewe ana wake. Miaka minane Kassimu alikuwa ameishi hivyo. Leo aambiwe mkwe ni kama Yustina tu.

Waliporudi alianza kufanya alichofundishwa. Aliwapandishia watu, mmoja baada ya mwingine. Dickson, wakala wa mizigo wa bandarini, alikuwa na sarafu nyingi kiasi na hofu nyingi zaidi, akawa anatupa karata zake, yaani kumwachia, na kusonya. Wanne wakatoka. Wakabaki sita, na kati ya sarafu zote mezani, karibu nusu zilikuwa za Kassimu. Lukasi alikuwa akigawa karata mwenyewe, na akatangaza kwamba akitoka mmoja tu, waliobaki wote wanalipwa. Kassimu aliona miti ishirini na miwili imesimama wazi mbele yake, akaona na Shamimu anavyotandika mkeka chini yake wakati wa kuokota.

Kwenye mchezo huu zipo sarafu za lazima, unaziweka zamu yako ikifika, upende usipende, na kila nusu saa zinaongezwa. Kwa hiyo kukaa tu ni kuliwa. Wenye chache wanasubiri wenzao watoke, na mwenye chache kuliko wote alikuwa mjomba.

Mjomba alipandisha mara ya kwanza, Kassimu akatupa karata. Mara ya pili, akatupa. Mara ya tatu Kassimu alikuwa na bibi wawili, karata nzuri kabisa, akamtazama yule mzee na sarafu zake chache, akatupa. Ikawa sheria. Mjomba akiingia, Kassimu anatoka. Wengine alikuwa anawaonea vilevile, ila kwa mzee huyu rundo lake lote halikuwa na kazi. Nusu saa haikuisha mjomba akawa na sarafu mara tatu ya zile alizoanza nazo, na nyongeza yote ilitoka kwa Kassimu.

Yustina aliona. Mtu anayeuza mitumba anajua bei ya mtu usoni.

Zamu iliyofuata Kassimu alifunua pembe za karata zake, akakuta ree mbili, ya kopa na ya shupaza. Kwenye mchezo huo hakuna karata mbili za kuanzia zinazozizidi. Akapandisha. Dickson akatupa, wengine wakatupa, na mjomba akasukuma sarafu zake zote katikati ya meza.

Kulikuwa na neno moja tu la kusema, "naona", yaani naweka sawa na wewe tufunue karata. Angelisema, karibu mara nne katika tano mjomba angetoka wa sita bila senti, na Kassimu angebaki na lundo la kumpeleka moja kwa moja kwenye ile milioni. Watu wa mezani walikuwa wanaomba moyoni alitamke, maana akitoka mmoja, wao wote wamelipwa. Kassimu alifungua mdomo. Akamwona mjomba amevua kapelo, ameipakata, kichwa kitupu mbele ya watu wale, kama alivyokivua kwa Ismaili. Akatupa karata.

"Lukasi," Yustina akasema taratibu. "Zifunue hizo karata za kaka. Hawa wameshikana, wanaachiana."

Lukasi alisita. Kisha, kwa kuwa ukumbi ni wake na jina ni lake, akazifunua. Ree ya kopa, ree ya shupaza. Dickson akasonya, akauliza ni mwendawazimu gani anatupa ree mbili. Lukasi akamwuliza Kassimu, huyu mzee ni nani wako?

Kassimu akamtazama mjomba. Mjomba alikuwa anazitazama zile ree, uso umemsawajika.

"Simjui," Kassimu akasema. "Namfahamu kwa sura."

Lukasi akatoa hukumu yake. Mzee hana kosa, yeye hakutupa kitu. Kijana akakae pembeni mizunguko mitatu, na sarafu zake za lazima zikatwe kama kawaida. Kassimu akaondoka mezani, akasimama ukutani penye kreti za soda, akawa anatazama mkono wa Lukasi ukichukua kwenye rundo lake, kidogo kidogo, na watu waliokuwa wakimwogopa wakianza kutaniana na kuagiza mishikaki.

Aliporudi, rundo lilikuwa halifiki nusu ya lilivyokuwa, na woga haukuwepo tena pale mezani, ulikuwa umemhamia yeye. Dickson akasukuma zote. Kassimu alikuwa na ree na mfalme, akaona asipocheza hiyo atacheza ipi, akasema naona. Dickson alikuwa na tisa mbili. Karata tano zikafunuliwa mezani moja moja, wala hapakuwa na ree wala mfalme, tisa mbili zikashinda. Akabakiwa na sarafu za kuhesabu kwa vidole. Mzunguko uliofuata akapata mfalme na kumi, akaweka sarafu zote. Yustina akatupa. Dickson akatupa. Ikafika kwa mjomba.

Mjomba Hashimu alizitazama karata zake, akahesabu sarafu, akazisogeza mbele.

"Naona," alisema.

Alikuwa na wafalme? Hapana, bibi wawili, na walitosha. Kassimu akatoka wa sita.

Na watu wakapiga makofi. Si kwa ubaya, ndivyo ilivyo, anapotoka huyo wa mwisho asiyelipwa wengine wanafurahi. Walipeana mikono juu ya meza, hata mjomba alipewa, akaupokea mkono wa Dickson. Yustina alimgusa Kassimu bega akamwambia pole kaka, umetuokoa.

* * *

Alisubiri nje, kwenye ukuta wa jirani. Jua lilikuwa linakwenda kuzama mjomba alipotoka, kavaa kanzu juu ya fulana, bahasha imetuna kifuani. Alikuwa wa kwanza. Milioni moja.

Kassimu akashuka ukutani haraka, na nisiseme uongo, alikuwa na furaha. Aliona mambo yamekwisha. Miti ile ni ileile, iwe imekombolewa na mkono wa kulia au wa kushoto. Akasema, hongera mjomba, basi kesho twende wote kwa Ismaili.

"Nitakwenda mwenyewe," mjomba akasema. "Kisha nitapita kwako kumchukua Shamimu."

Kassimu alidhani hakusikia vizuri.

"Ree mbili, Kassimu."

"Ningekutoaje mjomba, mbele ya watu?"

"Nilikwambia ucheze. Nilipoona kila nikiingia unatoka, nikasema ngoja nimpime. Nikaingia sina kitu, ukatoka. Nikaingia tena sina kitu, ukatoka. Mara ya mwisho ile nilikuwa na mbili na saba, mbovu kuliko zote. Mbili na saba." Akaisukuma bahasha ndani zaidi ya kanzu. "Mkeo alikuwa pale mezani, na mtoto. Ukawatupa na ree mbili mkononi, kwa kuniogopa mimi. Kesho utamwogopa nani? Msimamizi? Mwenye nyumba? Ismaili mwingine?"

"Sikukuogopa. Nilikuheshimu."

"Ndiyo. Ukaniheshimu mpaka watu wakaniona mimi ni mzee wa kuachiwa."

Haya, na tusimame hapa kidogo. Angesema naona, akamtoa mzee yule bila senti mbele ya wauza mitumba, ni Hashimu huyuhuyu ambaye angekuja Jumatatu kusema mkwe gani huyu asiye na haya, aliyenivua nguo hadharani. Angesema hivyo, naapa. Kuna watu ukiwainamia wanakwambia huna uti wa mgongo, ukisimama wanakwambia huna adabu, na ubaya wake ni kwamba wanakuwa wanakupenda kweli. Kassimu alilijua hilo pale pale, lakini halikuwa jambo la kumwambia mkwe.

"Mti wa ukoo ukirudishwa na mume, mume amekuwa wa ukoo," mjomba alisema. "Ukirudishwa na mjomba, mume ni mgeni tu. Kwa heri. Na ya humo ndani yabaki humo ndani."

* * *

Nyumbani Kassimu alimwambia Shamimu mwenyewe, hakungoja afungue kopo. Alisema alichukua elfu hamsini, akaenda Shangani kucheza karata, akaliwa. Shamimu alikuwa anasugua mikono kwa mchanga. Hakupiga kelele. Alimwuliza kama anajua elfu hamsini ni kilo ngapi za kubangua.

"Hamsini," akajijibu mwenyewe. "Kilo hamsini, baba Latifa."

Jumatatu, saa tatu asubuhi, bajaji ilisimama nje. Mjomba aliingia na kofia yake ya kiua, akatoa karatasi ya rehani, ina sahihi ya Ismaili chini, imepigwa mstari. Shamimu aliishika, akaisoma, akaisoma tena. Akakaa chini palepale alipokuwa amesimama.

"Hela umepata wapi, mjomba?"

"Nimeuza ufuta."

Alisema akitazama dirisha. Shamimu akamgeukia mumewe, na kile kilichokuwa usoni mwake Kassimu hajakisahau mpaka leo, kwa sababu hakikuwa hasira. Alikuwa amechoka naye.

"Umesikia? Mzee kauza chakula chake cha mwaka, kwa ajili ya deni letu sisi. Na wewe siku hiyohiyo unakwenda kucheza karata. Nani kala hela yangu?"

Chumba kilikuwa kidogo, watu watatu, na Latifa nje anamwonyesha dereva wa bajaji jino linalotikisika. Mjomba akakohoa. Alifungua mdomo, na kwa hesabu ya kupumua mara mbili hivi, ilikuwa kama atasema. Kisha akasema bajaji inasubiri.

"Watu wa Shangani," Kassimu akajibu. "Siwajui."

Angeweza kusema. Neno moja tu, na Shamimu angemtazama mjomba wake kwa macho mengine, na kamati ya msikiti ingesikia kabla ya adhuhuri, na huenda mke angebaki. Huenda. Alilipima neno hilo. Lakini mtu aliyeshindwa kumtoa mkwe wake mezani hawezi kumtoa msikitini.

Shamimu alikusanya vitu vyake bila haraka. Alizigawa laki nne za kwenye kopo mara mbili, nusu akaiacha juu ya kitanda, na Kassimu alipomwambia azichukue zote alisema yeye si mwizi. Mjomba akaeleza kwamba si talaka, wazee wataitana, mwezi ujao au baada ya msimu, wakizungumza wakielewana basi. Hakutaja siku. Kassimu alibeba fuko la nguo za mtoto, maana mzigo ukiwepo na mkwe yupo, mkwe habebi.

Mlangoni Shamimu alipiga goti mbele ya mjomba wake, akashika mikono yake miwili, ile iliyoshikana na ya Dickson juu ya meza.

"Mwenyezi Mungu akulipe, mjomba," akasema. "Akuzidishie katika jasho lako la halali."

Mjomba Hashimu alitazama chini, midomo ikicheza, na hakuweza kuitikia. Dua ikakaa hewani haina mtu. Basi Kassimu, fuko la nguo likiwa begani, akasema amina.